Jibu: Pete ya mguuni mwa kasuku inathibitisha nini?

Salaam, ndugu. Umeuliza kama pete yenye herufi na tarakimu mguuni mwa kasuku wako wa kijivu inathibitisha kwamba alizaliwa kizimbani, kama muuzaji anavyodai.

Kabla ya kuhangaika na maandishi, chunguza kama pete ina mshono. Pete isiyo na mshono huvishwa kinda akiwa bado mdogo, vidole vyake vikiweza kupenya, na baadaye mguu hunenepa kiasi kwamba haivuki tena. Hiyo ni dalili nzuri ya ndege aliyefugwa, mradi isiwe pana kupita kiasi, kwa kuwa pete pana huweza kuvishwa hata ndege mzima aliyenaswa porini. Ile yenye mwanya hubanwa kwa koleo katika umri wowote, kwa hiyo haithibitishi alikozaliwa.

Ukishajua hilo, soma maandishi. Mara nyingi huwa ni kifupi cha mfugaji au chama, mwaka na namba ya ndege, lakini hakuna daftari moja la dunia nzima la kutafutia namba hizo, hivyo mwombe muuzaji jina la mfugaji na hati zinazotaja namba ileile. Mimi hati ndizo ninazozitegemea zaidi, hasa kwa kuwa kasuku huyu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza (orodha ya spishi zilizo hatarini zaidi) cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 2017.

Mguu ukivimba, usiikate pete mwenyewe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aiondoe, kisha uihifadhi pamoja na hati.