Frihodi: Kabla Hujalipa, Uliza Minazi ni ya Nani

Nyumba niliyozaliwa, Majengo ya Mombasa, ilikuwa yetu. Kiwanja kilichokuwa chini yake hakikuwa chetu. Kila mwanzo wa mwezi mama alinipa noti iliyokunjwa pamoja na kidaftari cha risiti, nivuke barabara hadi dukani kwa wakala wa mwenye kiwanja, agonge muhuri wake, nirudi. Siku moja nikamuuliza mbona tunalipa na nyumba ni yetu. "Nyumba yetu, mwanangu. Kiwanja cha mwenyewe." Watu wa bara huwaeleza mara mbili ndipo wanielewe: kuta, milango na mabati ni mali yako, waweza kuuza, waweza kurithisha, ila ardhi ina mwenyewe, na bila ruhusa yake huongezi hata ghorofa moja.

Mtu aliyekulia hivyo akisikia neno frihodi, lazima masikio yamsimame. Dalali aliyenipeleka kuona ekari moja nyuma ya Mtwapa alilijua hilo. "Ndugu yangu, hii frihodi. Ni yako mpaka kiyama." Nikalipa asilimia 10 ya bei wiki ile ile, kabla ya kuuliza lolote la maana. Nitawaeleza kilichonipata.

Kwanza neno lenyewe. Kwa sheria ya Kenya, ardhi ya mtu binafsi hushikwa kwa njia mbili. Kuna umiliki huru, ndio hiyo frihodi, ambao hauna tarehe ya kwisha. Hulipi serikali kodi ya ardhi ya kila mwaka, na ukifa warithi wako wanaendelea pale ulipoachia. Halafu kuna umiliki wa muda: unapewa miaka, mara nyingi 99 au 50, unalipa kodi, unafuata masharti yaliyoandikwa, na miaka ikikaribia kwisha unaomba kuongezewa. Hati zenyewe hazifanani majina. Ya frihodi ni hatimiliki, na ndani yake imeandikwa kwamba umiliki ni kamili. Ya muda ni cheti cha kukodishwa, na miaka imetajwa. Soma maneno hayo kwa macho yako mwenyewe. Nimeona watu wazima wakiangalia muhuri tu, wakaridhika.

Ile "mpaka kiyama" nayo ilikuwa chumvi ya dalali. Serikali ikitaka kupitisha barabara inaweza kuichukua frihodi yako, mradi ikulipe fidia ya haki na bila kukuchelewesha. Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema hivyo. Ukichimba kisima ukakuta madini, si yako. Kaunti ikiwa inatoza kodi yake, ile tunayoiita reti, utalipa kama jirani wa umiliki wa muda anavyolipa. Na ukitaka kugeuza shamba liwe ploti za nyumba, utaomba ruhusa ya kaunti kwanza.

Tena frihodi haioshi hati chafu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ploti ya ufukweni Nyali, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 na kupita mikono kadhaa. Aliyeinunua mwisho alidai kwamba alinunua kwa nia njema. Mahakama ikasema kama mzizi wa hati haukufuata sheria, nia njema ya mnunuzi haimwokoi. Kwa hiyo ukifanya upekuzi kwenye masjala ya ardhi, usitosheke na jina la anayekuuzia. Uliza alipata kwa nani, na huyo naye alipata vipi.

Hapa Pwani swali hilo lina uzito wake. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye kudai ardhi katika ule ukanda wa maili kumi kandokando ya bahari ajitokeze adai. Waliodai na kukubaliwa walipata hati, ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni, na Wamijikenda wengi wakajikuta ni maskwota, wakazi wasio na hati, walipozaliwa babu zao. Ndiyo maana utakutana na frihodi safi kabisa kwenye karatasi, lakini jina lililomo ni la marehemu wa zamani mwenye wajukuu kuanzia Lamu hadi Muscat. Mmoja wao anakuuzia kwa uso wa bashasha. Mwambie akuonyeshe kwanza karatasi za mirathi, za Kadhi au za mahakama, na majina ya warithi wote. Akianza kukuambia "wengine wako nje, watakubali tu", aga urudi nyumbani.

Sasa ile ekari yangu. Muuzaji alikuwa hai, hati ilikuwa yake, upekuzi ulitoka safi. Tatizo lilikuwa kwamba ardhi ya kilimo, hata iwe frihodi ya namna gani, haiuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yanatakiwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini hiyo mauzo ni batili. Mimi nililijua hilo kutoka kwa wakili, ambaye nilimwendea nikiwa nimeshalipa.

Siku ya bodi tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu saa mbili asubuhi. Muuzaji alikuja na mkewe, mama wa makamo aliyejifunga leso mbili, kimya tangu tuamkiane. Zamu yetu ikafika. Mwenyekiti akapekua karatasi, akamgeukia yule mama.

"Mama, unajua bwana wako anauza shamba?"

"Naambiwa leo."

Basi. Hakuongeza neno. Mzee mmoja wa bodi alikohoa, mwenyekiti akafunga faili, idhini hakuna. Mume akaanza kueleza habari za karo, hakuna aliyemsikiliza, na kusema kweli hata mimi nilikuwa upande wa yule mama.

Sheria inasema pesa ulizolipa kwenye mauzo ya namna hiyo ni deni, waweza kuzidai. Nilizidai. Zilirudi kwa miezi kumi na moja, elfu tano leo, elfu tatu mwezi ujao, na ada ya dalali haikurudi kamwe. Tangu hapo nikienda kuona shamba la mtu sizungumzi bei kabla sijakaa na mke wake, au na mume ikiwa muuzaji ni mama.

Binamu yangu aliyezaliwa Muscat alitaka kuchangia tununue pamoja. Nikamweleza kwamba asiye raia wa Kenya hashiki frihodi. Kifungu cha 65 cha Katiba kinampa umiliki wa muda usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa ya raia pale tu hisa zake zote zinapomilikiwa na raia. Alikasirika kidogo. Shangazi yetu wa Tanga akamcheka: kwao frihodi zilifutwa mwaka 1963, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, nao wanajenga na kuishi kwa hati za miaka 33, 66 au 99.

Mwaka uliofuata nilipata robo ekari upande wa Kikambala. Safari hii niliandamana na mpimaji, tukazitafuta bikoni nne, zile alama za mipaka, nyasini hadi tukazipata zote, mke wa muuzaji akafika mbele ya bodi na kusema anajua, ushuru wa stempu nikalipa. Nikadhani nimemaliza. Jirani ndiye aliyeniuliza, "Na ile minazi mitatu ya pembeni umeongea na mzee aliyeipanda?"

Kwa mila za huku, aliyepanda mnazi anaweza kuwa mwenye mnazi hata kama ardhi si yake. Masjala haiujui mnazi wa mtu, wala upekuzi hauutaji. Wakili aliniambia kisheria niko salama. Lakini nilikuwa naenda kuishi pale, si kuishi mahakamani. Tulikaa na mzee mbele ya chifu, tukahesabu minazi, tukapatana bei, tukaandika, akatia kidole gumba.

Hadi leo akipita njiani, hutazama kwanza juu ya ile minazi mitatu ndipo anisalimu.