Mashine ya kuchomelea inapojizima: majibu kwa mafundi wa Kusini

Nachomelea grili hapa Masasi. Jua likiwa kali taa ya njano inawaka, moto unakata. Jirani ananishauri niiruke swichi ya joto, niunge waya moja kwa moja. Nifanye hivyo?

Usifanye, ndugu yangu. Swichi hiyo imebanwa kwenye bati la aluminiamu lililobeba transista (swichi za kielektroniki zinazopitisha umeme wa kuchomelea), na hukata moto kabla hazijaungua. Ukiiruka, utanunua transista, na mara nyingi sakiti inayoziendesha nayo huondoka.

Soma kibati cha mashine. Kikiandikwa 200 A kwa 40%, maana yake katika kila dakika 10 unachoma 4, unapumzisha 6. Ukishusha ampea, muda wa kuchoma unaongezeka. Taa ikiwaka usizime mashine. Acha feni ipulize hadi taa izimike yenyewe.

Ikianza kuwaka mapema kuliko zamani, ndani kumejaa vumbi. Unga wa grainda ndio mbaya zaidi, kwa sababu unapitisha umeme. Chomoa plagi, ngoja, kisha pulizia hewa ya kompresa kwa shinikizo dogo huku umeshika feni isizunguke.

Niko Kilwa. Rezista (kipande cha kubana umeme) kubwa nyeupe ya mashine yangu iliungua, nikawekewa kipande cha waya badala yake. Sasa nikiwasha tu, breka inaanguka.

Toa huo waya leo hii. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa na daiodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), kapasita kubwa, zile zinazohifadhi chaji, hujaa hadi kama volti 325. Zikiwa tupu ni sawa na shoti: zinaweza kuvuta mamia ya ampea kufumba na kufumbua. Rezista ya ohm 47 huubana mvuto huo usizidi ampea 7. Baada ya muda mfupi utasikia "tak!": rilei, yaani swichi inayojifunga kwa umeme, imefunga, na umeme sasa unapita kando ya rezista.

Ndiyo maana rezista iliyoungua mara nyingi si chanzo. Rilei haikufunga, au ncha zake zimeliwa, basi mzigo wote wa kuchomelea ukapitia kwenye rezista. Badilisha vyote viwili, kisha pima daraja la daiodi (kile kipande chenye daiodi nne) na transista. Huenda waya ule umeshaziua.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi. Gusisha rezista ya ohm 2,000, wati 10, kwenye ncha za kapasita kwa nusu dakika, ukiishika kwa koleo lenye mpira. Pima, ikiwa chini ya volti 10, endelea. Bisibisi usitumie kabisa, cheche yake inayeyusha ncha na inaweza kukurukia machoni.

Unapojaribu mara ya kwanza, unga balbu ya wati 100, ile ya zamani yenye waya ndani, mfululizo na laini, yaani umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo ufike kwenye mashine. Ikimulika kisha ikafifia, vizuri. Iking'aa bila kupungua, shoti bado ipo.

Hapa Nachingwea natumia jenereta. Varista, kile kipande cha kukinga miruko ya volti, imepasuka mara mbili. Niweke kubwa zaidi?

Hapana. Varista yenye namba 471 huvumilia hadi volti 300 za kawaida na humeza miruko ya kufumba na kufumbua tu. Volti zikipanda na kubaki juu, inachemka na kupasuka, kwa hiyo lazima fyuzi itangulie mbele yake. Tatizo lako liko kwenye jenereta: pima volti bila mzigo, halafu ukiwa unachoma. Washa jenereta itulie kwanza, ndipo uwashe mashine. Na uzime mashine kabla ya jenereta. Kwa elektrodi ya milimita 2.5 kwenye ampea 80 tafuta jenereta ya kVA 5 (kVA ni kipimo cha uwezo wake). Kwa ampea 200 kamili, kVA 10.

Ekstensheni ya mita 50, waya wa milimita za mraba 1.5, inatosha?

Haitoshi. Kwenye ampea 20 inapoteza kama volti 24, na umeme ukiwa tayari mdogo, sakiti ya ulinzi inazima mashine. Tumia waya wa 4, na uukunjue wote.

Karakana yangu iko Mikindani, karibu na maji. Bodi ya sakiti ndani ya mashine inaota ukungu wa kijani.

Ni chumvi ya bahari. Inavuta unyevu na kupitisha umeme kati ya njia za shaba, transista zikawashwa ovyo. Kapasita zikishaisha chaji, safisha bodi kwa spiriti ya isopropili na brashi laini, ikauke kabisa, kisha paka vanishi ya bodi. Soketi na ncha za rilei usizipake.