Timu ya makasia ikinyamaza wiki ya pili

Dada, umesema timu yako ya watu 12 ilianza shindano la Januari la Concept2, wale watengenezaji wa mashine za kupigia makasia ndani ya nyumba, kwa kishindo, na sasa ni wanne tu wanaoingiza mita walizopiga. Pole, unahodha ndivyo ulivyo.

Kwanza acha kubandika kundini orodha ya nani kapiga ngapi. Nami nilifanya hivyo nikidhani nachochea. Kumbe mwenye mita 3,000 akijiona chini ya mwenye 90,000 anazima simu. Siku hizi natuma jumla ya timu tu, pamoja na kilichobaki kufikia lengo.

Lengo lenyewe lishushe. Mita 2,000 kwa mwendo wa dakika 2 na sekunde 30 kila mita 500 ni dakika 10, chai haijachemka. Watu 12 wakifanya hivyo siku 20 wana mita 480,000.

Wanaokwepa, waulize pia kuhusu mgongo. Wageni wengi husukuma kile kishikizo cha pembeni ya feni ya mashine, kinachofanya kuvuta kuwe kuzito au kwepesi, hadi 10 wakidhani ndiyo ukakamavu. Warudishe 3 hadi 5, na waanze kusukuma kwa miguu, mikono ifuate mwisho. Mwenzetu mmoja aliacha kwa maumivu hayo, akaona haya kusema. Nilimgundua nilipompigia simu. Ndiyo, piga simu, usimtaje mtu kundini.

Na aliyesahau kuandika, mwambie aingize kwa mkono kwenye daftari la mtandaoni la Concept2 kwa tarehe aliyopiga, kabla mwezi haujaisha.