Kabla ya kununua gari la ndoto, pima tuta la mtaani kwenu

Kabla sijatoa hata shilingi moja, nilichukua futikamba nikashuka kwa miguu barabara ya kwetu Muyenga, hapa Kampala, nikapima tuta la mwisho kabla ya geti langu. Kimo chake sentimita 13. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amejipumzisha kivulini akaniuliza, "Hajji, unapima nini?" Nikamjibu kwamba napima gari.

Nilikuwa nimeamua kujinunulia gari la anasa baada ya miaka 24 ya biashara ya malori kati ya Mombasa, Malaba na Kampala. Pesa ilikuwepo, wala haikuwa ya mkopo. Naliweka hilo wazi mapema kwa sababu anayetaka kukopa ili anunue gari la namna hii, ushauri wangu kwake ni mmoja tu: asinunue.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kunichagulia. Kila jioni simu ilijaa video zake: Ferrari 458, Lamborghini Huracán, McLaren 570S. "Mjomba, ukichukua kitu kingine utajuta." Mimi macho yangu yalikuwa kwenye Bentley Continental GT, na yeye aliliona gari la wazee. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nilikwenda kinyume naye, na jibu halitoshi kwenye ujumbe wa simu, ndiyo maana nakaa kuliandika.

GT ni kifupi cha gran turismo, maneno ya Kiitaliano, safari kuu. Gari la GT hutengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuvuka nchi kwa siku moja na kufika hajachakaa, akiwa na mizigo yake na watu wake. Injini huwa mbele, nyuma kuna viti viwili vidogo, na buti ni buti kweli. Gari la spoti la daraja la juu lina kazi nyingine. Hilo limezaliwa kwa ajili ya kona na sekunde. Injini iko nyuma ya mgongo wako, viti ni viwili basi, na kila kilo isiyohitajika imeondolewa. Yote mawili ni kazi ya mafundi wakubwa. Swali ni unaishi wapi.

Kwenye karatasi nilichochagua kinashindwa. Continental GT ya V8, yaani ya silinda nane, ya mwaka 2014 ina nguvu za farasi 507 na hutumia karibu sekunde 5 kufika kilomita 100 kwa saa. Ferrari 458 ina farasi 570 na hutumia sekunde 3.4, Huracán ina 610 na sekunde 3.2. Bentley lina uzito wa karibu tani 2.3, na 458 haifiki tani 1.5. Mpwa wangu aliishia hapo. Mimi, kwa mazoea ya kununua vichwa vya malori, nikashuka mstari wa chini yake, ule wa torki, yaani nguvu ya kusukuma ambayo injini hutoa. Bentley hutoa nyutoni mita 660, na huanza kuzitoa injini ikiwa kwenye mizunguko 1,700 tu kwa dakika. Ile 458 hutoa 540, tena mpaka ifike mizunguko 6,000. Huracán 560 kwenye 6,500.

Mtu wa malori anaelewa maana yake. Uko nyuma ya trela la saruji baada ya Lukaya, upande wa mbele uko wazi kwa muda mfupi, na ukikosa hapo utalifuata hadi Masaka. Injini yenye nguvu chini hukanyagi sana, inakubeba tu, na abiria wako hata hajui kwamba umepita. Injini inayotoa nguvu juu unapaswa kushusha gia mbili au tatu na kuipigisha kelele ndipo ikupe kilicho chake. Kwenye uwanja wa mbio hiyo ndiyo raha yenyewe. Kwenye barabara yenye ng'ombe, watoto wa shule na taksi zinazosimama popote, nataka ile ya kwanza.

Tena kuna suala la hewa ambalo sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale inakaribia 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi, hivyo injini inayovuta hewa yenyewe bila turbo, kama za 458 na Huracán, hupoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu zake hapa Kampala na zaidi kule milimani. Turbo husukuma hewa ndani na kufidia sehemu kubwa ya pengo hilo. Hapo McLaren nalo lina haki yake, maana lina turbo mbili.

Lakini kilichonimalizia mashaka ni giaboksi. Magari yale matatu ya mpwa wangu yote hutumia giaboksi ya klachi mbili. Hubadilisha gia kwa wepesi wa ajabu, ila kwenye jamu klachi hizo hufanya kazi ile ile ambayo mguu wako ungefanya kwenye gari la mkono: kushika nusu, kuachia, kushika tena, na kila mara joto linapanda. Sasa fikiria saa kumi na mbili jioni, umetoka Jinja Road, unapandisha kilima hatua kwa hatua, boda zimekuzunguka pande zote. Continental GT ya V8 ina giaboksi ya kampuni ya ZF ya gia 8 yenye konvata ya mafuta. Katikati ya injini na magurudumu kuna mafuta yanayozunguka, si klachi inayosuguana, kwa hiyo kutambaa kwenye jamu ni jambo ililoumbwa nalo.

Sikutaka kuhukumu kwa kusoma tu. Rafiki yangu ana gari la spoti la viti viwili, la kampuni ambayo sitaitaja, na alinipa ufunguo kuanzia asubuhi hadi jioni. Barabara ya kulipia ya Entebbe Jumapili asubuhi, kitambo kidogo baada ya kulipa shilingi 5,000 zangu, ile sauti iliniingia kifuani. Sitasema uongo: nilicheka peke yangu kama mtoto. Ila kikomo pale ni kilomita 100 kwa saa, na gari lilikuwa kwenye gia ya tatu likinisubiri. Kurudi mjini kukawa habari nyingine. Kila tuta nililivuka kimshazari, tairi moja baada ya jingine, nikibonyeza kitufe cha kuinua pua huku taksi zikipiga honi nyuma yangu. Kwenye tuta moja la Ntinda nilisikia tumbo likikwaruza. Magari mengi ya aina hiyo yako sentimita 10 hadi 13 tu kutoka ardhini, na kuinua pua huinua pua peke yake, si tumbo lote. Nilirudisha ufunguo shati likiwa limelowa. Bentley lina mifuko ya hewa badala ya springi kwenye magurudumu yote manne, ukibonyeza linapanda zima.

Mei 2023, maji yalipoharibu daraja la Katonga, malori yangu yalizungushwa kupitia Kanoni na Sembabule kwa muda. Barabara kuu ya kwenda magharibi ilikatika ghafla, ndani ya usiku mmoja. Tangu hapo gari langu lolote huwa naliuliza kama lingenifikisha nyumbani kwa njia ya mzunguko, kwenye vumbi au tope. GT hii huendesha magurudumu manne. Siipeleki kwenye tope kwa kupenda, ila nikikutwa nalo sibaki pale.

Wanaosema gari lenye boneti ndefu si la Afrika nawakumbusha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mbio za Safari Rally mara tano. Mara ya kwanza, mwaka 1973, alishinda kwa Datsun 240Z, gari la milango miwili, boneti ndefu, la ukoo huu huu wa GT. Marehemu baba, dereva wa lori maisha yake yote, alibandika picha ya Mehta ukutani kwa gundi ya unga. Baba alirudi kutoka Mombasa akishuka kwenye lori huku ameshika kiuno, na mama alikuwa na salamu moja tu mlangoni: "Mgongo?" Labda ndipo uchaguzi wangu ulipoanzia.

Basi, ukiwa umefika nilipofika, haya ndiyo niliyojifunza wakati wa kununua.

Usukani kwanza. Magari mengi mazuri yanayotangazwa Dubai yana usukani wa kushoto. Bei inavutia, lakini sisi tunaendesha upande wa kushoto, na kulipita trela ukiwa umekaa upande wa ukingo wa barabara ni kupita bila macho. Tafuta Uingereza, Japani au Afrika Kusini. Langu lilitoka Uingereza, na Bentley hutengenezwa huko huko, Crewe.

Mwaka wa kutengenezwa nao ni sheria. Tangu 2018 gari lililotimiza miaka 15 haliingizwi nchini, kwa hiyo zile GT za kwanza, zilizoanza mwaka 2003, ziache hata zikiuzwa kwa bei ya bure. Kwenye ushuru usihesabu bei ya gari peke yake. Hesabu huanzia thamani ya gari pamoja na bima na usafiri hadi Mombasa, kisha ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, kodi ya zuio asilimia 6, na tozo nyingine ndogo ndogo. Gari lenye umri hubeba pia tozo ya mazingira. Mpe wakala wako wa forodha namba ya chesisi akupigie hesabu kabla hujatuma pesa, si baada ya gari kushuka bandarini. Na likifika Mombasa, lipandishwe kwenye lori la kubebea magari. Nina malori, najua barabara ile, na sikumpa mtu yeyote ufunguo.

Kati ya W12 na V8, chukua V8. Najua watu watanipinga. W12 ya lita 6, yenye silinda 12, ni injini ya heshima, lakini imebanwa mno pale mbele hivi kwamba kwa kazi nyingi kubwa fundi hulazimika kuishusha nzima. V8 ya lita 4 ilibuniwa pamoja na Audi, na ndugu zake wamo kwenye S6, S7 na S8. Hapa Kampala fundi anayeijua Audi kwa undani yupo. Anayeijua W12 sikumpata, na nilitafuta kwa miezi miwili.

Mifuko ya hewa huchakaa kwa umri, iwe ya kampuni gani. Mwambie anayekukagulia gari aliache usiku kucha, apige picha jioni na asubuhi. Likiwa limelala upande mmoja, punguza bei au ondoka. Rimu chukua za inchi 20, kwa tairi za 275/40, usidanganywe na uzuri wa inchi 21. Ile nyama ya ziada ya mpira ndiyo inayopokea shimo badala ya rimu. Mafuta ya giaboksi badilisha, hata ukiambiwa kwamba yanadumu maisha yote ya gari.

Viti vya nyuma vina ukweli wake pia. Binti zangu wa miaka 9 na 12 wanatosha, mtu mzima hafiki Mpigi bila kulalamika. Mwenye watu wanne wazima atafute Flying Spur, ndugu yake wa milango minne. Na mwenye nyumba iliyo karibu na barabara nzuri, asiye na mtoto wa kubeba, anayetaka gari la Jumapili asubuhi peke yake, huyo sina la kumwambia. Ile sauti naikumbuka bado.

Desemba tulikuwa na arusi Kabale, kilomita zaidi ya 400. Mke wangu alitangulia na wenzake. Mimi nilimweka mama kiti cha mbele, akaingia kwa magoti yake yale ya miaka 78 bila kushikwa mkono, watoto nyuma, masanduku mawili kwenye buti. Tulisimama Kayabwe ili watoto wapige picha kwenye mstari wa Ikweta, tukanunua gonja, zile ndizi za kuchoma, Lukaya, baada ya Mbarara mama akalala. Tenki ni lita 90, sikuongeza mafuta njiani. Tuliposhuka Kabale jua likiwa bado juu, mama alinitazama nikinyoosha miguu, akauliza: "Mgongo?" Nikamwambia hauumi, na ilikuwa kweli.

Tulirudi na nusu gunia la viazi vya Kabale kati ya yale masanduku. Mpwa wangu ndiye aliyekuja kupakua. Alitoa masanduku, akatoa viazi, akatoa mkungu mdogo wa ndizi ambao mama alikuwa ameusukumia ndani kabisa bila kuniambia. Akafunga buti taratibu, akauliza kama Jumapili anaweza kuliendesha hadi Jinja.