Maswali ya Wasomaji: Maji Matulivu au Samaki wa Kujivunia?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu hii. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, na kwa miaka sita sasa Jumamosi zangu nyingi huishia Bwawa la Hombolo, nikiwa na mshipi, kopo la minyoo na chupa ya chai. Perege ninaowapata mara nyingi hawazidi kiganja, na mke wangu amekwisha kuzoea kuniuliza ninaporudi, "Leo umevua au umekaa?" Mwaka huu nitakwenda Marekani, katika jimbo la Wisconsin, kwa mafunzo ya wiki sita, na mwenyeji wangu, ambaye naye ni mvuvi, ameniahidi siku nne za mwisho wa Septemba za kumtafuta samaki anayeitwa maski. Ameniachia nichague mimi: ama twende kaskazini, kwenye kiziwa kilicho ndani ya msitu karibu na mji wa Hayward, mahali penye ukimya ambapo maski si wakubwa, ama twende Green Bay, ghuba ya Ziwa Michigan, penye viwanda, meli na boti nyingi, lakini ndipo walipo majitu. Nimeliwaza jambo hili kwa wiki mbili na sijaamua. Wewe ungechagua wapi, na kwa nini?
Mwalimu, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nianze na jibu ndipo nieleze: ningekwenda kwenye kiziwa cha msituni, siku zote nne, bila kuzigawa. Nasema hivyo nikijua kwamba wavuvi wengi wa huko wangenicheka, na kwamba katika kunicheka wangekuwa na hoja, ambayo nitaifikia.

Kwanza umjue samaki mwenyewe. Maski, ambaye wanasayansi humwita Esox masquinongy, ni samaki wa maji baridi ya Amerika Kaskazini; kwetu hayupo. Mwili wake ni mrefu kama gogo, mdomo wake ni bapa mithili ya mdomo wa bata, na meno yake hukata mshipi wa kawaida kama wembe. Hakimbizani na mawindo kutwa nzima, bali hujibanza pembeni mwa majani ya majini au kando ya mti uliozama, akangoja samaki mwingine apite, na mara nyingine hata kifaranga cha bata. Kwa kuwa hakuna samaki wa kumla yeye akiwa mkubwa, na kwa kuwa anakula sana, ziwa moja haliwezi kubeba maski wengi. Ndiyo maana wenyewe humwita samaki wa mitupo elfu kumi.

Huo ni msemo tu, wala hakuna aliyehesabu, lakini wewe ni mwalimu, hebu tupige hesabu. Chambo cha maski ni kizito, na kukitupa na kukivuta hadi kwenye boti huchukua kama dakika moja. Ukivua saa nane kwa siku, bila kusimama kula wala kunyoosha mgongo, siku nne zitakupa mitupo 1,920, yaani haijafika hata sehemu moja ya tano ya ule msemo. Wapo wanaompata kwa mtupo wa tatu, na wapo waliomaliza msimu mzima mikono mitupu. Mtu anayekwenda kwa siku nne, tena kwa mara ya kwanza, anakwenda kwa sehemu kubwa kuyatazama maji, na kwa hiyo inampasa ajiulize ni maji gani yuko tayari kuyatazama kwa saa thelathini na mbili.

Sasa Green Bay. Ni ghuba yenye urefu wa takriban kilomita 190, na mkiani mwake, upande wa kusini, ndipo Mto Fox unapomwaga maji baada ya kupita katika viwanda vya karatasi. Maski wa asili wa ghuba hiyo walitoweka kabisa katika karne iliyopita kwa sababu ya uchafuzi, uvuvi uliopita kiasi na kuharibiwa kwa mazalio yao, na mwaka 1989 idara ya maliasili ya Wisconsin ikaanza kupandikiza vifaranga upya. Wakakuta meza imekwisha kuandaliwa. Samaki wadogo wenye mafuta wamejaa ghubani, na kifaranga anayekula namna hiyo hukua haraka kuliko ndugu yake wa kwenye kiziwa. Leo watu husafiri kutoka majimbo ya mbali kwenda kumtafuta maski wa zaidi ya sentimita 127 chini ya madaraja na mbele ya mabomba ya viwanda, na sheria ya huko hairuhusu kumchukua mpaka afikishe sentimita 137. Mwenyeji wako hakukudanganya hata kidogo. Nakubali pia kwamba mto uliokuwa umekufa kisha ukafuga majitu una uzuri wake, ingawa si uzuri wa kuuchora.

Viziwa vya kaskazini ni kinyume chake karibu kwa kila jambo. Chakula ni kichache, samaki hukua polepole, na maski wa kawaida utakayemwona huenda akawa na sentimita 80 au 90. Hata hivyo kuna jambo ambalo wageni hulikosa wanaposikia kwamba hakuna wakubwa: kiziwa kidogo hupekuliwa chote kwa siku moja. Kila ghuba ndogo, kila ukingo wa majani, kila gogo lililolala majini utalipitia asubuhi na kulirudia jioni, na kufikia siku ya tatu utakuwa unajua samaki fulani anakaa wapi. Kwenye ghuba ya kilomita 190, bila kiongozi wa kukodi, unatupa chambo baharini.

Nilijifunza hilo Madison, makao makuu ya jimbo hilohilo, nilikokuwa nikisoma. Mjini humo kuna Ziwa Wingra, kidogo sana, eneo lake halifiki kilomita za mraba moja na nusu, na linasifika kwa kuwa na maski wengi, ingawa ni nadra kumkuta jitu. Jioni moja nilikuwa navuta chambo changu, nikiwa nimechoka na nimeanza kuwaza ugali, nikaona nyuma yake kivuli cha rangi ya majani makavu kikija bila kutikisa maji. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Nane, chora nane." Huo ndio ufundi wenyewe, Mwalimu, uufanyie mazoezi hata Hombolo. Maski ana tabia ya kufuata chambo hadi ubavuni mwa boti bila kukishika, kwa hiyo hukinyanyui. Unazamisha ncha ya fimbo majini na kuchora namba nane pana, huku mshipi ulioachwa nje hauzidi urefu wa mkono. Nikachora. Akageuka nayo pembe ya kwanza, akageuka ya pili, karibu kiasi kwamba niliona mashavu yake yakifunguka na kufunga, halafu akasimama, akanitazama, akazama kinyumenyume bila haraka. Sikumpata. Alikuwa kama sentimita 90 tu, na bado ninaweza kukuonyesha kwa mikono jinsi mkia wake ulivyopinda.

Hoja ya wale watakaonicheka ni hii: kama ni kutopata, bora ukose samaki mkubwa kuliko kukosa mdogo. Ina uzito kwa mtu anayekaa huko, mwenye boti yake, ambaye akikosa Septemba atarudi Oktoba na Novemba, majike yanapokula sana kabla ya barafu. Wewe huna Novemba. Isitoshe, upepo wa kaskazini ukivuma kwenye ghuba kama ile, boti hazitoki, na siku moja kati ya nne zako itaishia kwenye mgahawa ukitazama mvua. Kwenye kiziwa kilichozungukwa na miti mnahamia upande wenye kinga, mnaendelea. Ndiyo maana nakukataza pia kugawa siku mbili kwa mbili. Kutoka Hayward hadi Green Bay ni kama saa nne barabarani, na siku utakayohama utakuwa huvui wala hutulii.

Na kwa kuwa umetaja majitu, ujue kwamba kule Hayward ndiko yalikozaliwa mabishano makubwa ya maski. Mwaka 1949, katika maji ya karibu na mji huo, Cal Johnson alivua mmoja wa kilo 30.6, na miezi michache baadaye Louis Spray akaleta wa kilo 31.6. Chama cha kimataifa cha kumbukumbu za uvuvi kinamtambua wa kwanza, jumba la makumbusho la uvuvi lililopo papo hapo Hayward linamtambua wa pili, na watu wazima bado wanagombana juu ya picha za samaki waliokufa zaidi ya miaka sabini iliyopita. Mbele ya jumba hilo kuna sanamu ya maski yenye urefu wa mita 43, na unaweza kupanda ndani ukasimama mdomoni mwake kati ya meno. Piga picha hapo umtumie mkeo. Hatakuuliza tena kama umekaa.

Ukimpata wa kweli, mkubwa au mdogo, desturi ni kumrudisha majini. Jike lililofika sentimita 120 limeishi zaidi ya miaka kumi, na kumla ni hasara ambayo kiziwa kidogo hakiilipi upesi. Mwenyeji wako awe na wavu mpana, koleo ndefu na mkasi wa kukatia ndoana, na samaki abaki ndani ya wavu, majini, mpaka kamera iwe tayari. Usimning'inize kwa shavu kama kambale wa sokoni; mshike amelala, mkono mmoja chini ya tumbo, kisha umwachie mwenyewe aondoke. Kipande cha waya kabla ya chambo hakina mjadala. Leseni ya mgeni ya siku chache inapatikana, ikate kabla hujaingia botini. Uchukue na sweta nzito, maana alfajiri ya huko mwishoni mwa Septemba hailingani na Juni yetu ya Dodoma hata ukiongeza upepo.

SWALI: Mzee, mimi sina safari ya Marekani, ila nina mabishano ya aina hiyohiyo nyumbani. Tuna Jumamosi moja tu ya kwenda kuvua na wanangu wawili, wa miaka kumi na kumi na mitatu. Wao wanataka Mtera kwa sababu wamesikia kuna kambale wakubwa, mimi nataka Hombolo kwa sababu ya utulivu. Nani ashinde?
Baba wa wawili, Kikuyu, Dodoma

JIBU: Hapa nageuka, ndugu yangu: nendeni Mtera. Mwalimu anachagua kwa ajili yake peke yake, lakini mtoto wa miaka kumi havumilii saa sita za kutazama mizabibu ya Hombolo, hata iwe mizuri namna gani, na ukimpeleka mahali asipotaka hutaupata huo utulivu unaoutafuta. Zaidi ya hapo, kule Wisconsin hata maski mdogo ni wa kubahatisha, ilhali kambale wa Mtera hana haja ya mitupo elfu kumi. Minyoo au kipande cha utumbo wa kuku kikilala chini ya maji kwa subira huleta jibu siku hiyohiyo.

Ila mambo mawili uyashike. Bwawa lile lilijengwa kwa ajili ya umeme, na uso wa maji yake hupanda na kushuka kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukingo aliokusimulia mtu mwezi Mei unaweza kuukuta Oktoba umekuwa uwanja wa matope yaliyopasuka, na maji yako mbali huko. Waulize wavuvi wenyeji siku hiyo, usitegemee habari za mwaka jana, na upite kwanza ofisi ya uvuvi ya halmashauri ili ujue kibali unachotakiwa kuwa nacho. La pili ni mamba, na hapa sifanyi mzaha: Mtera wapo, na viboko wapo. Watoto wasiingie majini hata kifundo cha mguu, wasichutame ukingoni kunawa mikono au kusafisha samaki, na ndoana ikinasa kwenye kisiki, kata mshipi uiache. Tafuteni mwamba ulioinuka, mkae juu yake hatua kadhaa kutoka kwenye maji, muondoke kabla jua halijazama. Na mkikosa kabisa, pale kando ya barabara ya Iringa wanauza perege wa kukaanga wa moto, ambao wanao wanaweza kuwabeba nyumbani wakamwambia mama yao chochote watakachokubaliana njiani.