Rangi ya kifaru kubanduka: anza kwa kuivua

Ndugu wa Mikindani, umesema T-34-85 yako, mfano wa plastiki wa kifaru cha vita cha Kisovieti kwa kipimo cha 1/35, inabanduka rangi kama magamba, na unataka kuipaka upya juu kwa juu. Usifanye hivyo. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na chumvi ya vidole huongeza utelezi, rangi haishiki.

Ivue kwa spiriti na mswaki laini, ukijaribu kwanza upande wa tumboni. Tina na asetoni usiziguse, zinayeyusha plastiki. Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza, iache ikauke usiku kucha.

Kabla ya praima, yaani rangi ya chini ya kushikiza, rekebisha mnara wa mzinga. Ule wa kweli ulimiminwa kwenye kalibu, ngozi yake inakwaruza. Wako ni laini kama yai. Paka gundi ya plastiki ya majimaji sehemu ndogo ndogo, igongegonge kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi, kisha pitisha msasa namba 600 kidogo tu. Vishikio vya plastiki vikate, weka waya wa shaba wa milimita 0.5.

Praima ya kopo la kupuliza: umbali wa sentimita 20 hadi 25, matabaka mawili membamba. Mvua ikinyesha usipulize. Unyevu huacha ukungu mweupe. Subiri jua la saa nne asubuhi.

Kijani cha Kisovieti kiongezee njano kidogo, maana kwenye kitu kidogo rangi huonekana nzito. Na tope la minyororo lisiwe jekundu kama la Newala: udongo wa Ukraine, vifaru hivi vilikopigana, ni mweusi.