Klorini kwenye bidoni la maji

Mdogo wangu, unauliza: mwalimu kasema klorini ni sumu, mbona hapa Goma wanaitia kwa sindano kwenye bidoni la maji ya Ziwa Kivu? Yote mawili ni kweli. Atomu ya klorini imepungukiwa elektroni moja, sawa na ndugu zake florini na iodini, hivyo huipora popote. Ikiwa gesi huunguza mapafu. Mwaka 1915 iliua askari huko Ypres, Ubelgiji, katika Vita Kuu ya Kwanza. Ikiwa kidogo majini, huua vijidudu vya kipindupindu. Ngoja dakika 30 ndipo unywe. Maji yenye matope chuja kwanza, maana uchafu huila klorini. Ila javeli, ile dawa ya klorini ya kufulia na kusafishia, nakuomba sana, usiichanganye kamwe na siki wala asidi ya kusafishia choo: hutoa gesi ileile, nzito, nayo hutuama chini anakotambaa mtoto.